Mpapai Dume wa Gumbo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya wanja. Nilikuwa nimekwenda na jembe begani, nimelinoa tangu jana yake, kwa sababu kwenye kambi ya wakimbizi tulikuwa tumeambiwa kwamba kituo cha utafiti cha huko kaskazini mwa Uganda kinatafuta vibarua. Msimamizi wa bustani, mzee mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alilitazama jembe langu, akanitazama mimi, akacheka mpaka kofia ikamteleza.

“Mama ya Sudan, leo hakuna kulima. Leo iko harusi. Weka hiyo jembe, kuja.”

Akanipeleka kwenye safu ya mipapai. Kwenye mti wa kwanza alichuma ua jembamba kama tarumbeta, akalikung'uta juu ya kiganja changu. Likatoa unga wa manjano, kidogo kuliko chumvi ya kuonja mchuzi. “Hii inaitwa chavua,” akasema. “Hii ndiyo bwana harusi. Sasa twende kwa bibi.” Bibi alikuwa mti wa pili. Ua lake lilikuwa nene, limekaa karibu na shina, na ndani yake hamkuwa na unga wowote. Mlikuwa na kitumbo cha kijani na juu yake vimikono vidogo vyenye unyevu. Nikachovya brashi kwenye chavua, nikapaka vile vimikono. Msimamizi akalifunika ua kwa mfuko wa karatasi ili nyuki na nondo wasilete bwana mwingine, akafunga uzi.

“Kwisha. Umefungisha ndoa. Usiambie padiri.”

Ninaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaokuja kununua miche yangu hapa Gumbo, Juba. Mnashuka kwenye raksha, bajaji zetu hizi, na kabla hata ya salamu mnasema, “Mama Kiden, nipe ya kike tu.” Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo mtanivumilia nikizunguka. Lakini jibu langu halijabadilika. Mche wa mpapai haujulikani kama ni dume au jike mpaka utoe ua. Anayekuambia anajua kwa kutazama mzizi, au kwa kutupa mbegu kwenye maji aone ipi inazama, ni mwongo. Wa kwanza wao ni Taban, aliyekuwa meneja wangu kwenye kitalu cha chini ya mlima Jebel. Namtaja kwa jina kwa sababu aliuza uongo huo mpaka kwa wajane, na aliponitaka niuseme kwa mdomo wangu nikakataa, akanihamishia kwenye kubeba mbolea.

Basi kuna mipapai ya namna tatu. Kuna dume, ambalo maua yake yananing'inia kwenye mikono mirefu kama shanga za mlangoni. Kuna jike. Halafu kuna ule ambao Msimamizi aliuita huntha, ambao ua lake moja lina chavua na kitumbo pamoja, na unaweza kuzaa bila msaada wa jirani. Mapapai mengi marefu mnayoyaona sokoni ni ya huntha. Mtu wa zamani aliyapenda, akawa anapanda mbegu zake na kuacha nyingine, mpaka yakajaa duniani.

Juu ya Msimamizi alikuwapo Madam Daktari. Hakuwa daktari wa watu; aliyatibu mashamba. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyevaa gambuti hata kiangazi, na alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mkubwa mwingine: ukimuuliza swali, alisimamisha kazi. Siku moja nilimuuliza kwa nini Mungu alisumbuka kutenganisha mipapai dume na jike, wakati harage lina vyote ndani ya ua moja na halilalamiki.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. “Kiden, hakuanza kwa kutenganisha. Zamani sana ukoo huu ulikuwa kama harage. Kila ua lilikuwa na vyote viwili. Halafu ukazaliwa mti mmoja wenye kasoro, chavua yake imekufa. Ungekuwa wewe, ungesemaje juu ya mti huo?”

“Ningesema umelaaniwa.”

“Kila mtu angesema hivyo. Lakini ona. Mti ule haukuweza tena kujizalisha wenyewe. Ilibidi upokee chavua ya mgeni, na watoto wa mgeni mara nyingi hutoka na nguvu kuliko watoto wa mtu na nafsi yake. Wakaishi, wakaongezeka. Hao ndio majike. Sasa majike wakiwa wengi shambani, nani anafaidika?”

Nikafikiri. “Mwenye chavua nyingi.”

“Ndiyo. Mti unaotoa chavua kwa wingi na kuacha kujisumbua na matunda. Polepole sana, kizazi kwa kizazi, huo ukawa dume. Hakuna aliyeamua. Kasoro moja ilipata kazi, halafu kasoro ya pili ikapata kazi kwa sababu ya ile ya kwanza.”

Akaniambia pia kwamba zile kasoro mbili ilibidi zifungwe fundo moja ndani ya mbegu, zirithiwe pamoja, la sivyo mtoto angeweza kupata zote mbili vibaya akawa hana chavua wala kitumbo. Kwa mimea mingine fundo hilo ni la kale na limekaza kabisa. “Fundo la mpapai bado changa,” akasema. “Ndiyo maana kuna siku utaona dume linasahau kwamba ni dume.”

Niliondoka pale kichwa kimejaa. Wakati huo nilikuwa msichana mkimbizi ambaye kila aliyemtazama aliona kasoro. Nililala nikiwaza kwamba labda na mimi kuna mahali kasoro yangu itapata kazi.

Kazi yangu kubwa kituoni, ile iliyonikalisha miaka, ilikuwa kuozesha mpapai wetu wa bondeni na mpapai wa mlimani. Ule wa mlimani una matunda madogo yenye harufu nzuri, unapenda baridi, na hauogopi ugonjwa wa madoa ya pete, ule unaokunja majani na kuua shamba zima. Madam Daktari alitaka mtoto mwenye utamu wa bondeni na ugumu wa mlimani. Nikapaka, nikafunika, nikafunga uzi, maelfu ya mara. Mengi yalianguka. Machache yakawa mapapai, yakavimba, yakapendeza. Tukiyapasua, mbegu zilikuwa ngozi tupu, hamna kitu ndani.

“Hawa walikuwa ndugu,” Madam Daktari akasema, mbegu moja tupu iko kwenye ukucha wake. “Wengine walikwenda juu, wengine wakabaki chini. Chavua ya huku haikufika kule tena. Kila upande ukabadilika kidogo kwa namna yake, kulingana na baridi na jua la kwake. Sasa ni spishi mbili. Ukiwakutanisha, wanapokeana mlangoni lakini hawajengi nyumba.”

“Ni siku gani waliacha kuwa ndugu?”

“Hakuna siku, Kiden. Ukitafuta siku yenyewe hutaipata.”

Amani ilipokuja tulirudi Juba, mimi na mama yangu. Tulipata kiwanja upande huu wa mto, Gumbo, karibu na barabara ya Nimule. Nikaajiriwa na yule Taban kwenye kitalu cha Jebel. Sina mengi ya kusema juu ya miaka ile. Kila asubuhi nilivuka daraja, kila jioni nikarudi na udongo kwenye kucha. Ila nyumbani mama alikuwa amepanda mipapai yake.

Mbegu aliipata kwa mama yake, na mama yake sijui aliipata wapi. Ilikuwa na alama mbili. Vikonyo vya majani vilikuwa rangi ya zambarau kama vimechovywa kwenye wino, na tunda lilikuwa dogo, la mviringo, nyama yake nyekundu kabisa. Sijala papai tamu kama lile, na mimi papai ni kazi yangu. Mama alikuwa na majike kadhaa na dume moja nyuma ya choo. Majirani walimcheka kwa lile dume. “Mama Kiden mzee, unalisha mwanaume asiyeleta kitu nyumbani?” Yeye alijibu, “Basi mwambieni mke wake aliyebeba mimba kule mbele.”

Halafu vita vikarudi. Tulikimbia na watoto wa marehemu dada yangu, hatukukimbia na mbegu. Njiani nilipigwa risasi kwenye goti, na mama, ambaye tayari nywele zake zilikuwa nyeupe, alinishika kiuno mpaka tukavuka mpaka. Sisimulii zaidi ya hapo. Nataka tu mjue kwamba waliotufyatulia risasi hawakuwa wageni. Walitujua kwa majina.

Kule kambini, mara ya pili, mama hakulia kwa ajili ya nyumba. Alilia kwa ajili ya papai. Alikuwa amebakiwa na meno machache na karibu kila chakula kilikuwa adui. “Kiden,” alikuwa akiniambia, “lile papai langu lingeshuka lenyewe.” Nilimnunulia mapapai ya sokoni. Alikula kwa adabu, akaacha nusu. “Zuri. Si lile.”

Nikajiwekea ahadi. Sikuahidi nyumba, sikuahidi haki. Niliahidi kwamba mama yangu atakula papai lake kabla hajafa.

Tuliporudi Gumbo, kiwanja kilikuwa kimeuzwa. Aliyeuza ni Pitia, mtoto wa baba yangu mdogo, damu yangu. Alisema tumekufa. Alikuwa na mashahidi wa kuapa kwamba tumekufa. Aliyenunua ni kapteni mmoja, Lomoro, mwenye marafiki Bilpam, makao makuu ya jeshi, na baada ya kunitazama nikichechemea mlangoni aliniambia maneno ambayo bado ninayo.

“Mambo ya Pitia peleka kwa Pitia. Mimi nilinunua kwa maiti, na maiti haidai.”

Nilikuwa tayari kuondoka. Nilishazoea kuondoka. Lakini nyuma yake, karibu na choo kilekile, niliona vikonyo vya zambarau.

Majike yote yalikuwa yamekwisha. Moja liliangushwa na uzito wa matunda, mengine mbuzi na maji yaliyosimama. Lililobaki ni dume, limezeeka, shina lake limepinda, na lilikuwa limeteswa. Kuanzia kiunoni kwenda juu lilikuwa limepigiliwa misumari, na kwenye tawi lilining'inizwa kiatu kikuukuu cha mwanaume. Ninyi mnaijua desturi hii. Mpapai usiozaa watu wanautia misumari ili uone aibu ugeuke mwanamke. Kiatu sijui ni cha nini. Nadhani ni cha kuutukana tu.

Aliyepigilia alikuwa mke wa kapteni, Mama Sunday. Alikuwa amekulia kambini Kenya, kwa hiyo tulisikilizana upesi kwa Kiswahili. Alitoka na beseni la nguo, akaona ninavyoushika ule mti.

“Huo mti ni bure kabisa,” akasema. “Miaka yote mimi napigilia. Hauzai, hauoni haya.”

“Dada yangu, misumari haisaidii. Huyu ni baba.”

“Baba wa nani?”

“Wa mapapai ya mama yangu. Mama yuko hai. Hana meno. Anataka kula papai lake kabla hajafa, na huu ndio mti pekee uliobaki wa ukoo ule.”

Mama Sunday akaweka beseni chini. “Sasa mwanaume atampa mama yako papai namna gani?”

Hapo nilihitaji kila kitu nilichofundishwa. Ningeweza kuchukua chavua ya dume lile nikapake jike la jirani, ndiyo. Lakini mtoto angekuwa nusu mgeni, na nilimjua mama yangu. Nusu angeiona kwa ulimi. Nilichotaka ni dume lenyewe lizae. Nilikumbuka maneno ya Madam Daktari kwamba fundo la mpapai bado changa. Nilikumbuka pia Msimamizi, ambaye kila mwisho wa kiangazi alikuwa anakata vichwa vya madume mazee. Likikatwa kichwa linachipua matawi mapya, na mvua zikiingia, hewa ikipoa, mara mojamoja kwenye ncha ya ile mikono mirefu linatoa ua lenye kitumbo. Si kila dume. Mengine hufa kwa jeraha.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo ndilo lililonipa moyo. Kila mpapai hubeba mafungu mawili, moja la kila mzazi. Jike limebeba fungu la jike kutoka pande zote mbili. Dume limebeba fungu moja la dume, na moja la jike alilopewa na mama yake. Kwa hiyo dume likizaa na nafsi yake, mbegu zake zinaweza kutoa hata majike. Majike ya mama yalikuwa yamelala ndani ya dume lile wakati wote linapigwa misumari.

Nilimweleza Mama Sunday hayo yote tumekaa juu ya matofali, mimi nikimsaidia kukamua nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi.

“Nakwambia, nataka nimwone mwanaume akizaa kabla sijafa. Kata hicho kichwa.”

Nilikata kwa panga safi, nikafunika jeraha kwa kopo ili maji yasiingie, nikang'oa misumari niliyoweza. Kiatu Mama Sunday alikitoa mwenyewe, akakitupa chooni. Baada ya hapo nilikwenda kila jioni na ndoo ya maji na majivu. Mama alikuwa akiniuliza, “Umetoka wapi?” Nikasema sokoni. Sikutaka kumpa tumaini la ua ambalo halijatoka.

Matawi yalichipua. Mvua ikaingia. Yakatoka maua, yote ya kiume, mapazia kwa mapazia. Nikaanza kukata tamaa. Na ndipo Lomoro akaja na fundi, wakapima mahali pa kuweka tangi la maji, na mahali penyewe ni pale pale.

“Huu mti unatoka,” akasema.

Mama Sunday alikuwa anaanika. Hakugeuka. “Na kamba yangu nitafunga wapi?”

“Kamba gani?”

“Kamba ya nguo. Imefungwa kwenye huo mti. Unataka mashati yako ya kazi niyaanike kichwani kwako?”

Fundi akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Lomoro akanitazama mimi nimesimama na ndoo. “Na wewe bado unakuja? Unapigania mti dume? Ninyi watu wa Uganda mna mambo.”

Ninyi watu wa Uganda. Mimi niliyezaliwa ng'ambo ya mto huu. Nilitaka kumwambia kwamba kule Uganda waliniita mama wa Sudan, ila nilinyamaza kwa ajili ya mti. Nikasema, “Mpe mpaka kiangazi, afande. Baada ya hapo kata.”

“Mpaka kiangazi,” akasema, si kwangu, kwa mkewe. “Halafu kalas, kwisha.”

Siku si nyingi baadaye Mama Sunday alinifuata mpaka chumba tulichopanga, anahema, kitambaa kimemtoka kichwani. “Njoo uone. Kuna moja limenenepa.”

Lilikuwa kwenye ncha kabisa ya mkono mrefu, bado halijafunguka, limevimba chini kama shingo ya mtu anayetaka kuimba. Nilipanda juu ya pipa la mafuta kwa goti langu bovu, Mama Sunday akinishika kiuno kama mama alivyonishika njiani. Nililifunika kwa karatasi kabla nyuki hawajafika, na lilipofunguka nikalipaka chavua ya mti uleule. Brashi ilikuwa ya wanja wa Mama Sunday. Yalitoka mengine mawili, yote yakaanguka. Lile la kwanza likakaa.

Papai la dume ni kichekesho. Ni jembamba kama tango, linaning'inia kwenye uzi mrefu, upepo unalicheza. Mama Sunday aliita majirani waje kuona, akawadanganya kwamba ni kazi ya misumari yake. Lilipoanza kuwa manjano nikalikata, nikampelekea mama, na siku hiyo ndipo nilipomwambia kila kitu.

Alilishika mkononi kwa muda. Akaonja kidogo nyama yake, ambayo ilikuwa nyembamba na chachu.

“Linafanana na marehemu baba yako,” akasema. “Refu, halina mengi ya kusema.”

“Si la kula, Mama. Ni la mbegu.”

Tukazitoa pamoja, yeye akizisugua kwenye majivu kuondoa utelezi. Nyingine zilibonyea katikati ya vidole, tupu. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia nilichofundishwa. Mbegu iliyopata fungu la dume kutoka pande zote mbili haiishi. Inafia humo humo ndani ya tunda. Katika kila mbegu nne za namna hii, moja huwa hivyo.

“Kwa hiyo hakuna mpapai usio na fungu la mama?”

“Hakuna, Mama. Dunia nzima.”

Alizikusanya zile tupu peke yake, akaenda kuzifukia kando, kama mtu anavyofukia kitu kilichokuwa na jina.

Kiangazi kilipofika Lomoro aliukata mti. Ninaliandika jina lake tena: Lomoro aliukata, kwenye kiwanja kilichouzwa na Pitia. Mama Sunday aliniletea kamba ya nguo. “Chukua,” akasema. “Mimi sasa naanika ukutani. Wewe utapata mti wa kuifunga.”

Miche iliota kwenye mifuko yangu kando ya barabara. Mingi ilikuwa na vikonyo vya zambarau, si yote. Nikaipanda kwenye kipande kidogo nyuma ya chumba chetu cha kupanga, mwenye nyumba akikubali kwa sharti ale naye. Ulipofika wakati wa maua nilikwenda kila asubuhi kutazama, na moyo wangu ulidunda kuliko siku ile ya brashi. Wa kwanza ukawa dume. Wa pili dume. Wa tatu ukatoa ua nene, karibu na shina. Nilikaa chini pale pale kwenye tope.

Sasa nimestaafu. Kwa watu kama sisi kustaafu hakuji na sherehe; ni goti linasema leo sipandi. Bado nauza miche, lakini sipaki tena chavua, mkono unatetemeka. Watu wananiuliza kama nimesamehe. Sijasamehe. Pitia nikikutana naye darajani, daraja ni jembamba, mmoja wetu atasubiri. Lakini kuna jioni ninakaa na kufikiria lile dume lililovumilia misumari huku limebeba mabinti ndani yake, nami nasikia hasira inalegea kidogo, kama fundo changa. Na ninyi mtakapokuja kwangu tena na “nipe ya kike tu,” nitawauzia miche mitatu kwa shimo moja kama nilivyofundishwa, itoe maua kwanza, mpunguze baadaye, na mwache dume moja nyuma ya choo. Msilitie misumari.

Papai la kwanza la lile jike liliiva mtini. Nilimkalisha mama kwenye mkeka, Mama Sunday naye akaja na kisu chake, maana alisema yeye ni mkunga. Nilipolipasua nyama ilikuwa nyekundu. Si nyekundu kabisa; kulikuwa na rangi ya chungwa pembeni. Nikamkatia mama kipande kidogo, laini, nikakiweka mdomoni mwake.

Alifumba macho. Alikitafuna kwa fizi kwa muda mrefu. Lilishuka.

“Si lile,” akasema.

Nilijua. Nilijua kabla hajasema. Mti ule ulikuwa umepita kwenye misumari na panga na nafsi yake mwenyewe, na sisi tulipita tulikopita. Kila upande ulikuwa umebadilika kidogo. Nilitafuta siku yenyewe, sikuipata. Mama Sunday akanigusa mgongo.

Mama alifumbua macho, akalitazama papai pale kwenye sahani, akapangusa kidevu.

“Ni mtoto wake,” akasema. “Nikatie kingine.”